Kodi ikichelewa: Nafuu aliyo nayo mpangaji kisheria

MPANGAJI aliyeshindwa kulipa kodi hapotezi mkataba wake papo hapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu kuiomba mahakama imwokoe, hata kama mkataba alioutia sahihi unasema vinginevyo.

Kwa wenye maduka mjini Nakuru, Naivasha na Gilgil, na kwa wakulima wanaokodi mashamba Njoro na Molo, ruhusa hiyo yaweza kuokoa biashara ya miaka mingi au ngano iliyokwisha kuota.

Chimbuko lake ni mahakama za Uingereza, zilizoona kwamba kifungu cha kumwondoa mpangaji huwekwa ili kodi ilipwe. Mwenye mali akipata fedha zake pamoja na gharama, lengo la kifungu hicho limetimia. Kenya iliirithi kanuni hiyo na kuiweka katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa (Sura 300), iliyofutwa mwaka 2012.

Utaratibu

Chini ya kifungu cha 75, mwenye mali sharti kwanza atoe notisi ya siku zisizopungua 30, akitaja kosa na kumtaka mpangaji alirekebishe. Ikiwa mpangaji bado yumo, kifungu cha 73 kinamtaka aende kortini. Hawezi kujiingilia na kutwaa mali.

Aidha, akipokea kodi ya kipindi kilichofuata huku akijua kosa lilitendeka, huhesabiwa kuwa ameisamehe haki yake ya kuvunja mkataba.

Kifungu cha 76 ndicho kinachompa mpangaji nafuu. Anaweza kuiomba mara apatapo notisi, au wakati mwenye mali anapoendelea na hatua za kumwondoa. Mahakama hutazama mwenendo wa pande zote mbili na mazingira ya kesi, kisha hukubali au hukataa, na yaweza kuweka masharti. Aliyepangishwa na mpangaji huyo pia anaweza kuomba.

Ombi hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kama ile ya Nakuru, au kwa hakimu mwenye mamlaka kulingana na thamani ya mali.

Maduka na nyumba

Maduka, hoteli na mikahawa mingi ina sheria yake, Sura 301. Hiyo hulinda upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Notisi yake huanza kufanya kazi si chini ya miezi miwili baada ya kupokewa. Mpangaji anayeipinga sharti awasilishe malalamiko yake katika jopo la mizozo ya majengo ya biashara kabla ya tarehe hiyo. Kosa linalotosha kumwondoa ni kodi kukaa miezi miwili bila kulipwa, au kucheleweshwa mara kwa mara.

Nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi husimamiwa na Sura 296.

Kushikwa kwa mali na dalali ni jambo jingine. Huko ni kudai deni, wala si kufuta mkataba.

Katika njia zote, wakati na fedha ndivyo vinavyoamua. Nafuu hii haifuti deni. Mpangaji anayefika mapema, akiwa na risiti zake na kodi iliyosalia mkononi, ana hoja nzito kuliko anayengoja hadi amri ya kumwondoa itekelezwe. Dawa ya deni ni kulipa.