Kutafuta jina la mpokeaji katika daftari la anwani

Programu za barua pepe humwezesha mwandishi kuandika herufi mbili tatu za jina, nayo programu ikaleta anwani kamili kutoka katika kumbukumbu zake. Kumbukumbu hizo huitwa *kitabu cha anwani* au *daftari la anwani*. Istilahi zote mbili zinakubalika, ila ya pili inafaa zaidi kwa orodha ya mtu binafsi, kwa kuwa daftari hujazwa na mwenyewe. Orodha ya pamoja ya taasisi, ambayo hutunzwa na wasimamizi wa mfumo, ni *saraka*. *Anwani* (ngeli ya i-/zi-) ndiyo tahajia inayopendekezwa, ingawa *anuani* ingali ikitumika sana. Katika maandishi rasmi, iandikwe *anwani ya barua pepe*. Msemo wa mazungumzo "nipe barua pepe yako" hauonyeshi kama kinachoombwa ni anwani au ujumbe wenyewe.

Anayepelekewa ujumbe ni *mpokeaji*. Walimu wa uandishi wa barua rasmi wamezoea *mwandikiwa*, na kwa kweli neno hilo ni sahihi zaidi, kwani mtu huandikiwa kabla hajapokea chochote, na huenda asipokee kamwe. Hata hivyo, *mpokeaji* limekwisha kuenea. Linalofaa kuepukwa ni *mtumiwa*. Kitenzi *tumia* kina maana ya kupeleka kitu kwa mtu ("nitumie nakala") na pia ya kufanyia kitu kazi. Hivyo *mtumiwa* huweza kueleweka kuwa mtu anayefanywa chombo. Tena liko karibu mno na *mtumiaji*, ambaye ni mwenye kutumia programu.

Mfasiri atofautishe pia *kutafuta* na *kuhakiki*. Kutafuta hakumaanishi kupata: programu huorodhesha majina yanayolingana na herufi zilizoandikwa, hata yakiwa kumi. Kuhakiki ni kulilinganisha jina lililokwisha kuandikwa na kumbukumbu zilizopo, ili lifungamanishwe na anwani moja.

Ugumu mkubwa umo katika majina yenyewe. Saraka nyingi zimejengwa juu ya itifaki ya LDAP, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani mnamo 1993. Katika kumbukumbu ya kawaida ya mtu, itifaki hiyo hudai jina kamili na jina la ukoo. Sasa mtazame Asha Juma Salehe, ambaye Juma ni baba yake na Salehe ni babu yake. Lipi ni la ukoo? Karani mmoja ataweka Juma, mwingine Salehe. Akiandikwa *binti Juma*, huenda akapangwa kwenye herufi B. Anayetafuta kwa kufuata mpangilio wa jina la ukoo atamkosa, ilhali yumo. (Katika simu zetu tatizo hili tumelikwepa kwa "Mama Neema" na "Fundi Bomba", lakini saraka ya ofisi haina nafasi ya ukarimu huo.)

Kuna pia suala la tahajia. Usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia 1930 ulihusu maneno ya lugha. Majina ya watu yalibaki mikononi mwa wenyewe. Ndiyo maana tunao Athumani, Othman na Uthman. Khadija na Hadija. Ramadhan na Ramadhani. Baadhi ya mifumo hujaribu kulinganisha majina kwa sauti. Mfumo wa Soundex, uliopewa hataza Marekani mwaka 1918, hubakiza herufi ya kwanza na kuzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa mfumo huo Mohamed, Mohammed na Muhammad wote hupata M530. Lakini Athumani ni A355 na Othman ni O355. Khadija ni K320 na Hadija ni H320. Herufi ya kwanza ikitofautiana, mfumo hauoni udugu wowote, na hapo ndipo majina yetu mengi yenye asili ya Kiarabu yanapoachana.

Dawa yake si kusanifisha jina la mtu. Liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika, na tahajia nyingine ziwekwe katika sehemu ya lakabu au maelezo, ikiwa programu huzitafuta humo. *Dkt.*, *Mwl.* na *Bi.* zisitangulizwe katika sehemu ya jina, la sivyo orodha nzima itajipanga kwa vyeo. Na kabla ya kutuma waraka wa siri, tuseme matokeo ya mtahiniwa, isomwe anwani yenyewe pande zote mbili za alama ya @, kwa kuwa akina Juma Athumani wawili wa idara mbili huonekana sawasawa katika orodha ya majina.