Umeme wa Mkono na Mguu, Jirani na Maji ya Ruzizi

Nyantende iko katika vilima vya Bushi, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, na Bukavu yenyewe imejengwa mahali ambapo maji ya Ziwa Kivu huingia mto Ruzizi na kuanza safari ya kuteremkia Tanganyika. Wabelgiji waliiona nguvu ya mteremko huo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kituo cha Ruzizi I kilianza kuzalisha umeme, na mwaka 1989 kikafuata Ruzizi II, mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Lakini waya hupita juu ya vijiji vingi bila kuteremka, na mjini nako wateja wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, wamezoea kukatikiwa na umeme. Giza likiingia, kila nyumba hujitafutia njia yake. Mojawapo ya njia hizo ni kuzalisha umeme kwa nguvu za mwili wa mtu, na ina historia ndefu kuliko mabwawa yote mawili.

Chanzo chake ni mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku na waya vikisogezwa kwa kukaribiana, umeme huzaliwa. Hapo nguvu ya kusogeza inaweza kutoka popote: kwenye maji, mvuke au mkono. Simu za zamani za ukutani zilikuwa na kishikio pembeni. Ukikizungusha, kengele ililia upande wa pili. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Marekani walibeba redio ambazo askari mmoja alizungusha jenereta kwa mikono huku mwenzake akituma ujumbe.

Mikono huchoka upesi. Alfred Traeger wa Australia alilijua hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alitengeneza redio ya kukanyaga kwa ajili ya mashamba ya mbali yaliyohudumiwa na madaktari waliosafiri kwa ndege. Miguu ilizalisha umeme, mikono ikabaki huru kubonyeza alama za simu ya upepo.

Afrika Mashariki ilikutana na umeme wa miguu kupitia baiskeli. Dinamo ya kawaida, yenye volti 6 na wati 3, hufungwa kwenye uma wa gurudumu. Kichwa chake kidogo husugua ubavu wa tairi, na taa ya mbele huwaka kadiri gurudumu linavyokimbia. Katika uwanda wa Ruzizi, kuelekea Uvira, chombo hicho kina maana. Katika vilima vya Bushi mambo ni mengine: mwenye baiskeli hushuka na kuisukuma mlimani, na taa inafifia pale pale anapoihitaji.

Kilichotawala vijijini kilikuwa redio. Radio Agatashya ilipoanza kurusha matangazo kutoka Bukavu Agosti 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kivu, msikilizaji alihitaji mawe ya redio, na mawe yanaisha. Mwingereza Trevor Baylis alikuwa amekwisha kubuni jibu mwaka 1991: redio yenye springi ndani. Ukizungusha kishikio chake kwa muda usiofika dakika moja, springi hujifungua polepole na redio huongea kwa karibu nusu saa. Redio hizo zilitengenezwa Cape Town, na baadaye aina mpya yake iligawiwa Rwanda kwa nyumba zilizoongozwa na watoto yatima.

Simu ya mkononi ikaleta haja nyingine. Mwaka 2009 Jeremiah Murimi na Pascal Katana, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitengeneza chaja ya kufungwa kwenye baiskeli, wakaiuza kwa shilingi 350 za Kenya. Mwaka uliofuata Nokia nayo ilitangaza chaja ya baiskeli, tena Nairobi. Rwanda, kampuni ya Nuru Energy ilipeleka vijijini mashine ndogo ya kukanyaga: dakika 20 hivi zilitosha kuchaji taa tano ndogo, na mwenye mashine akalipwa na majirani.

Katika historia yote hii mguu haukuongeza nguvu. Mtu mwenye afya akikanyaga saa nzima hutoa wati 75 hivi, leo kama enzi za Traeger. Kilichobadilika ni ulaji wa vifaa. Balbu ya zamani ya wati 60 ingemaliza jasho la saa nzima katika muda uo huo, ilhali taa ya LED ya wati 2, hata baada ya sehemu ya umeme kupotea njiani, itawaka zaidi ya saa 20. Simu nayo itajaa mara tatu au nne. Pasi ya wati 1,000 haimo kabisa katika hesabu hii, wala friji ya kutunzia chanjo.

Ndiyo sababu paneli za sola ziliipita mashine ya kukanyaga haraka: zinafanya kazi hiyo hiyo mwenyewe akiwa shambani. Bushi, hata hivyo, ina mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na mawingu ya siku mbili mfululizo huacha betri bila kitu. Hapo kifaa cha kuzungusha kwa mkono kina kazi yake: habari za redio, simu moja ya haraka, mwanga wa kumwangalia mgonjwa. Kuendesha mji ni jambo jingine. Kufikia megawati 30 hivi za Ruzizi I, wangehitajika watu 400,000 wakikanyaga kwa pamoja, usiku na mchana.