Kabla ya kuvunja nyumba kuukuu, tazama kwanza ardhi ni ya nani

Nyumba nyingi za zamani katika sehemu za bara za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, zimefikia umri wa kuvunjwa. Ni zile nyumba za Kiswahili zenye korido ya katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, zilizosimamishwa kwa boriti za mikoko, zikakandikwa udongo na kuezekwa makuti au mabati. Wenyewe, au warithi wao, hutamani kusimamisha nyumba ya mawe mahali pale pale, na ili kupunguza gharama huamua kuivunja ile ya zamani kwa mikono yao.

Kazi hiyo yawezekana. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi inayoweza kumpata mwenye nyumba haitokani na ukuta kuanguka vibaya, bali na kuvunja kabla ya kuthibitisha haki yake ya kukaa juu ya kiwanja hicho.

NYUMBA BILA SHAMBA

Mombasa ina mpangilio wa umiliki usiopatikana katika sehemu nyingi za Kenya, unaojulikana kama nyumba bila shamba. Mtu mmoja humiliki ardhi, na mwingine humiliki nyumba iliyojengwa juu yake. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi, na aweza kuuza nyumba, kuipangisha au kuirithisha, ilhali udongo ulio chini yake si wake.

Mizizi ya jambo hili ni ya enzi za ukoloni. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi katika ukanda wa Pwani wathibitishe madai yao. Waliopata hati wakawa wenye mashamba; wengi wasiopata wakabaki wapangaji au maskwota juu ya ardhi waliyokuwa wakiishi.

Mahakama za Pwani zimeutambua mpangilio huu, lakini haki inayotokana nao ni finyu. Mara nyingi mapatano yalikuwa ya mdomo, na yaliruhusu nyumba ya vifaa visivyo vya kudumu tu. Nyumba hiyo ndiyo ushahidi mkuu wa mapatano. Ikishabomolewa, mwenye shamba aweza kudai kuwa ruhusa aliyoitoa ilihusu nyumba iliyokuwapo, na kwamba sasa anakirudisha kiwanja chake.

Wako wanaotumaini kuokolewa na sheria inayomwezesha mtu aliyekaa juu ya ardhi ya mwingine kwa miaka 12 kuidai kuwa yake. Sheria hiyo humfaa aliyekaa bila idhini ya mwenyewe. Aliyekuwa akilipa kodi alikaa kwa idhini, na stakabadhi zake zitatumiwa kumpinga.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa paa, pata mkataba wa maandishi uliotiwa saini na mwenye shamba mbele ya wakili. Utaje mipaka ya kiwanja, ruhusa ya kuvunja, ruhusa ya kujenga nyumba ya kudumu na muda wa ukaaji. Hifadhi stakabadhi za kodi, na upige picha za nyumba pande zote kabla haijaguswa.

Wenye hati zao wenyewe wana nafuu. Miongoni mwao ni wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, walioanza kupewa hati na serikali Januari 2016. Hata hao yafaa wahakikishe katika ofisi ya usajili wa ardhi kwamba jina lililoandikwa ni lao.

NYUMBA YA MAREHEMU

Nyumba ikiwa ni ya mzazi aliyefariki, mwana anayeishi humo hana ruhusa ya kuivunja peke yake. Sheria ya urithi inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Familia za Kiislamu zaweza kwenda kwa Kadhi, ambaye Katiba ya 2010 inampa mamlaka ya kuamua mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kesi isikizwe kwake. Dada aliyeolewa mbali na ndugu aliye Ughaibuni nao wana mafungu yao.

Wapangaji wa vyumba nao wapewe notisi ya maandishi. Kwa anayelipa kwa mwezi, notisi hiyo isipungue mwezi mmoja.

VIBALI

Idhini ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa ni lazima. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, anayeanza ujenzi bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Omba kibali cha kuvunja na cha kujenga kwa pamoja, usije ukabaki na kiwanja kitupu.

NAMNA YA KUVUNJA

Miezi ifaayo ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za masika. Ukuta wa udongo uliolowa huporomoka bila onyo.

Kwanza waite Kenya Power wakate umeme na kuondoa mita. Usikate nyaya mwenyewe. Maji nayo yafungwe.

Kanuni ni kuvunja kwa kufuata kinyume cha ujenzi: cha mwisho kujengwa kiwe cha kwanza kuondolewa. Toa milango na madirisha, kisha mabati au makuti, kisha pau na makombamoyo. Katika nyumba ya udongo, paa hubebwa na nguzo, na udongo ni wa kuziba tu. Kwa hiyo angusha udongo kuanzia juu, na nguzo zing'olewe mwisho. Ukuta wa mawe na chokaa uondolewe safu kwa safu. Kuuchimba chini ili uanguke wenyewe ndiko kunakoua vibarua, na katika vichochoro vya Kisauni waweza kumwangukia jirani. Mwagia maji kupunguza vumbi, na usiache ukuta mrefu umesimama peke yake usiku.

Vigae vya asbesto visiguswe na mwenye nyumba. Vikivunjika hutoa nyuzi ndogo zinazosababisha saratani ya mapafu. Arifu mamlaka ya mazingira, NEMA, ili viondolewe na watu wenye leseni.

Boriti nzima za mikoko na milango ya mvule huuzika au kutumika tena. Mawe yaweza kujazia sakafu, lakini udongo wa kuta usiachwe chini ya msingi, kwani hunyonya maji na kutitia. Tafuta pia mashimo ya vyoo vya zamani. Yanyonywe, yajazwe mawe na mchanga na kushindiliwa, na msingi usipite juu yake.

IKIWA MWENYE SHAMBA ATAKATAA

Mwenye shamba akikataa kutia saini, usivunje. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Omba ruhusa ya kukarabati, ubadilishe nguzo zilizooza chumba baada ya chumba huku ukilipa kodi na kudai stakabadhi, na mazungumzo ya kununua kiwanja yaendelee nyumba ikiwa bado imesimama.