Ndege isiyo na rubani

Vita vya Ukraine vimeyazoesha masikio yetu jina "ndege isiyo na rubani". Wengine husema droni. Tanzania wengi huiita ndege nyuki, jina zuri kwa jinsi linavyoubeba mlio wake. Lakini jina lile refu, "ndege isiyo na rubani", linaficha mtu. Rubani yupo: amejichimbia handakini kilomita kadhaa nyuma ya mstari wa mbele, amevaa miwani ya video, vidole viko kwenye vijiti vya kuongozea. Naye huwindwa: antena yake ikigunduliwa, makombora hayakawii.

Mwaka 2022 droni za TB2 za Ukraine, zilizoundwa Uturuki, zilisifiwa kwa kuteketeza misafara ya Urusi. Warusi walipoupanga vizuri ulinzi wao wa anga, sifa zikapungua. Zikaja droni ndogo za dola mia chache zinazoweza kuharibu kifaru cha mamilioni, nazo zikavurugiwa mawimbi ya redio. Dawa yake ikawa uzi: droni inaruka huku ikiachia nyuma yake uzi mwembamba wa kioo, kilomita 10 na zaidi, usiovurugwa na mawimbi yoyote. Barabara sasa zinafunikwa kwa nyavu, nyingine za wavuvi hasa! Hata hivyo, pamoja na droni zote hizo, kijiji bado hutekwa na askari wa miguu.

Wahariri, tuandike "ndege inayoongozwa kutoka mbali". Huko Kherson, Ukraine, raia wameuawa na droni wakiwa njiani, na aliyeiongoza alikuwa akiwaona kwenye kamera.