Railways Si Stage Tu

Ukimwambia makanga akushushe Railways, hakuna haja ya kueleza zaidi. Ni pale Haile Selassie Avenue, mat za Rongai na Lang'ata zinapoitisha abiria tangu alfajiri. Nilikuwa darasa la sita nilipogundua kwamba jina hilo lina mwenyewe. Nyuma ya kelele zote hizo kuna stesheni, na jioni treni ya Ruiru hutoka hapo.

Niliijua treni hiyo kwa sababu ya mjomba wangu. Aliishi Kahawa, kazi ilikuwa Indastria. Kila asubuhi alitoka nyumbani giza bado limetanda, akapanda treni, akashuka Makadara, kisha akamalizia kwa miguu. Likizo moja alinichukua twende naye. Nakumbuka Githurai, wauza nyanya wameweka magunia juu ya reli kabisa, honi inalia, magunia yanaondolewa bila haraka yoyote, na tukishapita yanarudi palepale. Nakumbuka vijana waliokaa juu ya paa. Ndani ya behewa letu kulikuwa na mhubiri, na watu wakiitikia amina huku wameshikilia vyuma vya juu. Mjomba aliniambia kila behewa lilikuwa na kanisa lake. Kuna watu waliochagua behewa kulingana na mahubiri, na wengine, kama yeye, kulingana na pahali angeweza kusinzia akiwa amesimama.

Siku hizi picha za treni za zamani zikipita kwenye simu, watu huandika wanatamani kurudi. Nami pia. Mwaka jana nilimtumia mjomba picha moja, nikamwambia zamani kulikuwa na raha. Akanipigia. "Kwani unadhani tulikuwa tunaenda picnic?"

Hilo swali limenisumbua, maana stori nyingi za treni tunazopenda ni za aina moja. Ni za treni ya usiku ya Mombasa, ile ya vitanda na chakula cha jioni kwenye behewa la kulia, iliyosimama mwaka 2017 Madaraka Express ilipoingia. Au ni za simba. Pale Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, kuna behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Alikuwa amejificha humo amvizie simba huyo, usingizi ukampitia. Nje kuna Mount Gelai, kichwa cha mvuke kikubwa ajabu kilichotengenezwa Manchester miaka ya hamsini. Ukisimama kando yake unajihisi mtoto. Ni vitu vya kuonekana, sikatai. Ila behewa la mjomba halikuwahi kuwa na simba. Lilikuwa na watu waliochelewa kazini.

Na hata reli yenyewe haikutandikwa kwa ajili yao. Ilianza Mombasa 1896 ili Waingereza wafike Uganda. Tarehe 30 Mei 1899 ilifika kwenye uwanda wa vinamasi ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi. Wahandisi walitaka ardhi tambarare ya kupanga mabehewa na kujenga karakana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Limuru na kuteremka Bonde la Ufa. Hawakuwa wanatafuta pa kujenga jiji. Kufikia Desemba 1901 reli ilikuwa Kisumu. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kwenye ujenzi. Ile kambi ya katikati ndiyo ikawa Nairobi. Barabara ya Landhies ina jina hilo kwa sababu ya landi, nyumba za wafanyakazi wa reli kule Muthurwa. Unapita hapo kila siku ukienda Jogoo Road, unatamka jina la nyumba za watu bila kujua.

Kwa hivyo treni ya kwenda kazini iliwekwa juu ya njia iliyokusudiwa mizigo. Ile ya Kikuyu inafuata njia kuu ya kwenda Kisumu. Ya Ruiru inafuata tawi la Thika na Nanyuki. Huwezi kuongeza treni hovyo kwenye reli moja, kwa sababu mbili zikikutana lazima moja isubiri stesheni. Asubuhi inaingia tao, jioni inatoka, ukiikosa umeikosa. Enzi za ukoloni daraja la tatu ndilo lilikuwa la Waafrika. Uhuru ulikuja, lakini mtu wa Kahawa au Dandora bado alijua behewa lake ni lipi bila kuonyeshwa.

Nadhani ndiyo maana wakazi wa Kibera waliokuwa na hasira waling'oa reli Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Wengi waliona ni wazimu. Mimi naona walijua vizuri sana ni kitu gani kinapita katikati ya nyumba zao, na kinampelekea nani mzigo.

Mjomba hakupanda treni kwa mapenzi. Alipanda kwa sababu tofauti ya nauli ya treni na ya mat, ukiijumlisha mwezi mzima, ilikuwa unga na sehemu ya karo. Hilo ndilo naogopa litapotea. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012. Mwaka 2020 zikaja treni zilizotumika Mallorca, Uhispania, zenye viti safi. Sasa kuna mpango wa Railway City, zaidi ya ekari 400 kuizunguka stesheni ya tao. Jengo la zamani huenda likapata watetezi, na Mount Gelai wapiga picha. Nauli ya mtu wa Indastria haina makumbusho.

Mwezi uliopita nilimshawishi mjomba tupande ya jioni mpaka Ruiru. Amestaafu, goti linamsumbua. Tuliingia mapema pale tao, viti vikiwa bado vitupu, nami nikakaa. Yeye akasimama karibu na mlango, mkono umeshika chuma.

"Anko, kaa basi."

"Ngoja kwanza tupite Makadara," akasema. "Kuna watu wanapanda hapo."