Injini Iliyorudi Nyumbani: Jumba la Makumbusho ya Usafiri la Glasgow na Historia ya Reli Barani Afrika

Mwezi Juni 2011 mji wa Glasgow, katika Uskoti, ulifungua upya jumba lake la makumbusho ya usafiri baada ya kulifunga kwa zaidi ya mwaka mmoja. Miongoni mwa vyombo vilivyowekwa humo, kimoja humvuta mgeni mara aingiapo: injini ya mvuke yenye namba 3007, nyeusi, ndefu takriban mita 22, na yenye uzito wa tani zipatazo 180. Injini hiyo iliundwa Glasgow mwaka 1945, ikafanya kazi Afrika Kusini, kisha ikanunuliwa na mji wake wa asili ili irudishwe na kuonyeshwa. Tukio hilo laweza kuonekana kuwa jambo la Waskoti peke yao. Hata hivyo, kwa mtu anayechunguza historia ya reli barani Afrika, lina swali kubwa ndani yake: je, injini ni mali ya mji ulioiunda, au ya nchi ilikofanyia kazi?

1. Mji na jumba lake

Glasgow ni mji uliojulikana kwa vyombo vya usafiri kabla ya kujulikana kwa kuvihifadhi. Reli yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1896, na mabehewa yake yalivutwa kwa kamba ya chuma hadi umeme ulipotiwa mwaka 1935. Tramu zake zilizunguka barabarani hadi mwaka 1962. Tramu zilipokoma, karakana yake moja, pale Coplawhill, iligeuzwa kuwa jumba la makumbusho, likafunguliwa mwaka 1964. Mwaka 1988 mkusanyiko huo ulihamia katika jengo la Kelvin Hall, ukakaa huko hadi Aprili 2010.

Jengo la sasa, liitwalo Riverside Museum, lilibuniwa na msanifu Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad. Paa lake la zinki limekunjwa kama wimbi, nalo limesimama mahali mto Kelvin unapoingia mto Clyde, katika uwanja uliokuwa wa kiwanda cha meli. Mwaka 2013 lilipewa tuzo ya jumba bora la makumbusho la Ulaya. Ndani yake, pamoja na injini 3007, zimo injini za zamani za Uskoti yenyewe: ile ya Caledonian Railway namba 123, ya mwaka 1886, na ile ya Highland Railway namba 103, ya mwaka 1894. Hizi mbili zilitembea juu ya reli za nchi iliyoziunda. Namba 3007 haikutembea hivyo hata siku moja.

2. Injini isiyojua reli za kwao

Jambo hili linahitaji ufafanuzi. Kampuni ya North British Locomotive iliundwa mwaka 1903 kwa kuunganisha viwanda vitatu vya Glasgow, ikawa kubwa kuliko kampuni zote za Ulaya zilizounda injini za treni. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya kuuza ng'ambo: Bara Hindi, Afrika, Amerika ya Kusini, Australia. Lakini upana wa reli ulitofautiana. Reli za Uingereza zina upana wa milimita 1,435, ilhali zile za Afrika Kusini zina milimita 1,067. Kwa hiyo injini iliyoundwa kwa ajili ya Afrika haikuweza kutoka kiwandani kwa magurudumu yake. Ilipakiwa juu ya tela, ikakokotwa barabarani polepole huku watu wakitazama, hadi bandarini. Huko winchi kubwa ya Finnieston iliinyanyua na kuiweka ndani ya meli. Winchi hiyo ingali imesimama kando ya mto Clyde, ingawa haina tena injini ya kunyanyua.

Namba 3007 ni ya aina iitwayo 15F. Injini za aina hiyo zilikuwa 255, idadi iliyozidi ya aina nyingine yoyote ya injini za mvuke katika shirika la reli la Afrika Kusini. Wakati treni za mvuke zilipokuwa zikiondolewa kazini, nyingi zilikatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Kampuni iliyoiunda namba 3007 ilikuwa imekwisha kufa tangu mwaka 1962. Hivyo Glasgow, mji uliopeleka maelfu ya injini duniani, ulijikuta hauna hata moja ya zile kubwa za kuuza ng'ambo. Ndipo halmashauri ya mji ilipoinunua namba 3007, nayo ikarudi kwa meli mwaka 2007, ikawekwa kwanza katika uwanja wa George Square ili wananchi waione.

Kwa wazee waliowahi kufanya kazi viwandani humo, huo ulikuwa ushahidi wa jasho lao. Mtu aliyegonga ribiti au kukunja bamba la chuma hakuona kazi yake ikitembea, aliiona ikiondoka. Haki yao ya kuitazama tena haipingiki.

3. Upande wa pili wa safari

Walakini, neno "nyumbani" linaficha jambo. Injini hii ilikaa Glasgow kwa muda wa kuundwa tu. Maisha yake ya kazi, yapata miaka arobaini, yalipita Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya utawala wa ubaguzi wa rangi ulioanza mwaka 1948. Ubaguzi katika treni ulikuwako hata kabla ya hapo: Gandhi aliteremshwa kwa nguvu katika stesheni ya Pietermaritzburg mwaka 1893. Sheria ya mwaka 1953 iliupa nguvu zaidi kwa kuruhusu huduma za watu wa rangi mbalimbali zitengwe bila hata kuwa sawa. Aidha, tangu miaka ya 1920 shirika la reli lilitumiwa na serikali kuwapatia kazi Wazungu maskini, na Waafrika wakasukumwa kwenye kazi za chini. Treni za nchi hiyo ndizo zilizowachukua vibarua kutoka Lesotho na Msumbiji hadi migodi ya dhahabu, na kuwarudisha wengine wao na mapafu yaliyoharibika.

Injini haikuchagua mabehewa iliyoyavuta. Lakini jumba la makumbusho huchagua maneno linayoyaandika kando ya injini. Kibao kikisema tu nguvu ya mvuke, idadi ya magurudumu na jina la kiwanda, kitakuwa kimesema kweli, nacho kitakuwa kimeacha nusu ya kweli hiyo. Swali hili haliihusu Glasgow peke yake. Linamhusu kila ahifadhiye treni.

4. Mfano wa Nairobi

Afrika ya Mashariki inatoa mfano unaofaa kulinganishwa. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1971. Katika uwanja wake imesimama injini namba 2921, "Masai of Kenya", nayo pia ni kazi ya North British ya Glasgow, ya miaka ya 1950. Hiyo haikurudi ng'ambo; imebaki mahali ilipofanya kazi, karibu na reli ilizozitumia.

Hata hivyo, kubaki nyumbani hakutoshi. Kimojawapo cha vyombo mashuhuri vya jumba hilo ni behewa ambamo ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikamatwa na simba usiku, pale Kima, mwaka 1900. Kila mgeni husimuliwa kisa hicho. Lakini katika ujenzi wa reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria waliletwa vibarua 31,983 kutoka Bara Hindi, na 2,493 kati yao walikufa. Waafrika waliokufa katika kazi hiyo hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo. Mtu mmoja ana behewa la kumkumbuka. Maelfu wana tarakimu, na wengine hawana hata tarakimu. Kwa hiyo kosa la kuhifadhi chuma na kusahau watu si la Ulaya tu.

5. Reli za milimita 1,067

Kwa Kongo, habari hizi si za mbali. Reli iliyofika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ilitoka kusini kwa kupitia Rhodesia, nayo ina upana uleule wa Afrika Kusini. Njia iliyoanzia Cape Town iliingia Katanga bila kubadili kipimo, ikatoka na shaba. Pamoja na mataruma na reli walikuja watu: vibarua, makarani, mafundi, wapishi, kila mmoja na lugha yake. Katika makambi yao Kiswahili cha Katanga kilikua kama lugha ya kazi na ya mjini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo, ameonyesha jinsi historia ya Kiswahili hapa isivyoweza kutengwa na historia ya kazi ya mishahara.

Ndiyo maana suala la injini za zamani ni suala la wataalamu wa lugha pia. Injini yaweza kununuliwa, kusafirishwa na kupakwa rangi upya hata baada ya miaka hamsini. Maneno ya mchochea makaa, ya fundi wa karakana, ya mama aliyeuza chakula stesheni, hayangoji muda huo. Huenda kaburini pamoja na wenyewe. Glasgow ilikuta kiwanda kimekufa, ikaweza kurudisha kilichoundwa ndani yake kwa kulipa fedha. Masimulizi ya waliofanya kazi njiani hayauzwi popote. Yanapaswa kukusanywa kwa lugha waliyoisema, wakati wangali hai, yakahifadhiwa pamoja na chuma chenyewe. Hapo ndipo injini, iwe Glasgow, Nairobi au Lubumbashi, itakapokuwa imerudi nyumbani kweli.