Springi za gari na barabara za Samad

Nilipowaambia gari naitengeneza mwenyewe uani, wengi mliniuliza, kwani huko Omani hakuna mafundi? Wapo tele, sanaiya imejaa magereji. Lakini huku Samad kutengenezea nyumbani kuna historia yake, na leo nakupeni.

Kabla ya Julai 1970, enzi za Sultan Said bin Taimur, kumiliki gari kulitaka ruhusa yake, na lami nchi nzima ilikuwa kama kilomita 10 tu. Huku bara watu walipita mawadi, yaani mabonde ya mawe matupu. Sultan Qaboos aliposhika nchi gari zikamiminika, na wenzetu wengi waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 wakapata kuja.

Gari za wakati ule, Land Rover na Land Cruiser, springi zake zilikuwa mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama zile za gari zetu za mbao huko nyumbani. Pande likikatika unalala chini mchangani, unafungua yubolti, unatoa bovu unatia zima. Jeki, spana na nyundo, basi! Ami mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Unguja aliyekuja miaka ya 70, anasema safarini walibeba pande la akiba kama sisi tunavyobeba tairi.

Sasa angalieni. Mwaka ule ule wa 1970 Waingereza walitoa Range Rover yenye springi za kuviringwa mbele na nyuma. Toyota nao wakafuata kwa Land Cruiser ya 80, mwaka 1990. Kukaa ni raha, lakini mabushi yamejificha na yametiwa kwa mashine ya kukandamiza. Gari ndogo za mjini ndiyo usiseme: springi imebanwa juu ya shokamzoba, ndani kabisa nyuma ya tairi. Ukifungua nati ya juu bila kuifunga springi kwa vibanio vyake, inafyatuka na inaweza kuua mtu. Hiyo msiijaribu uani, nawaomba.

Mabushi ya mkono wa chini nimeyabadilisha mwenyewe, siku mbili. Bolti moja imejibana mahali spana haizunguki hata robo. Bushi kuukuu niliivuta kwa bolti ndefu, nati na kipande cha bomba, taratibu. Na usikaze mwisho gari ikiwa juu ya jeki. Ishushe kwanza ikae kwa uzito wake, la sivyo raba inabaki imejipinda na inapasuka mapema.

Wazee husema vijana ni wavivu. Mimi naona lami ndiyo iliyotunyang'anya ufundi. Barabara ikishanyooka, gari inaundwa kwa starehe ya abiria, na yule aliyekwama wadini hafikiriwi tena.

Ila Hilux bado ina mapande nyuma, na wenye mashamba ya mitende hapa hawataki kusikia gari nyingine. Ami anayo moja kuukuu. Chini ya kiti ana yubolti mbili za akiba.